ANZA NA MTU WA MWISHO KWENYE FOLENI



Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, jua linawaka na kila Jumamosi kuna harusi, ruracio, siku ya familia kanisani au sherehe ya chama. Najua wengine wenu mnaosoma hapa mko kwenye kamati, na wewe ndiwe umepewa chakula. Leo nazungumza na wewe.

Usidhani umepewa kazi ndogo. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa lilikuwa likikua kule Yerusalemu, na wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani wakawa wanarukwa chakula kilipogawanywa kila siku. Watu wakanung'unika. Mitume hawakusema ni mambo ya jikoni. Waliagiza watafutwe watu saba wa kuaminika, wenye Roho Mtakatifu na wenye busara, wasimamie jambo hilo. Stefano alikuwa wa kwanza kutajwa. Mpendwa, Stefano yule tunayemhubiri aliitwa kwanza kuhudumu mezani!

Mimi nimeenda sherehe nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kuna harusi moja nilialikwa, mahali sitapataja. Jua lilikuwa kali, hema lilikuwa zuri, na foleni ilikuwa moja ndefu. Vijana walio mbele walijipakulia nyama wenyewe, sahani zikawa milima. Nyuma kabisa alikuwa mama mmoja mjane. Alipofika mbele kulikuwa na ukoko wa wali na vitunguu vilivyokatwa. Akatabasamu, akasema, "Nimeshiba, Pastor." Baadaye nikaambiwa zile sufuria kubwa zilizopika pilau zilikuwa zake. Alikuwa amezikopesha bila kulipwa.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa na kamati yoyote tuanzie wapi, najibu: anzeni na mtu wa mwisho kwenye foleni. Muone huyo kwanza, halafu panga ukirudi nyuma.

Kwanza, HESABU. Ukialika watu 100, pikia 120, kwa sababu kwetu mgeni huja na mgeni. Kilo moja ya mchele hutosha watu 8 hadi 10, kwa hivyo tafuta kilo 15. Nyama ya pilau, kilo moja kwa watu 7 au 8. Halafu hesabu wale hawahesabiwi: askari wa getini, dereva, waliofunga hema, mpiga picha, na akina mama wanaoosha vyombo. Sahani zao zitengwe mapema, zisingoje mabaki. Imani haikatazi hesabu. Hata kabla ya muujiza wa mikate, Filipo aliulizwa swali la mikate itanunuliwa wapi.

Pili, MPANGILIO. Yesu aliwaketisha watu kwenye majani kwa vikundi vya mia na vya hamsini (Marko 6:39-40). Wewe pia fanya foleni mbili au tatu. Nyama ipakuliwe na mtu mmoja mwenye mkono sawa kwa wote. Wazee, wajawazito na watoto wadogo wapelekewe walipoketi, usiwasimamishe juani. Na weka sufuria moja isiyo na pilipili, na maji ya kunywa karibu na soda, kwa ajili ya wenye vidonda vya tumbo na wenye kisukari.

Tatu, JUA. Hapa naomba unisikie vizuri. Mtu wa mwisho anaweza kupata chakula na bado akaumizwa nacho. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama Mombasa au Garissa, basi ni saa moja tu. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, yaani kiwe bado kinatoa mvuke. Wali ukipikwa usiku na kuachwa ndani ya sufuria hadi mchana, vijidudu huzaliana na kuacha sumu, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hivyo pikeni asubuhi, kwa awamu mbili. Sufuria ya pili iteremke motoni wakati ya kwanza inakaribia kuisha. Huyo wa mwisho atakula chakula cha moto kama wa kwanza. Kachumbari ikatwe mwisho, kivulini, kwa nyanya zilizooshwa na maji safi. Weka mtungi wa maji wenye mfereji na sabuni kabla ya meza ya chakula. Maji ya kunywa, piga angalau lita moja kwa kila mtu kwa kutwa ya jua, na barafu itokane na maji salama.

Nne, MABAKI. Baada ya watu kushiba, Yesu aliagiza vipande vikusanywe, visipotee (Yohana 6:12). Amua mapema nani atapelekewa: mgonjwa aliyeshindwa kuja, jirani asiyealikwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hivyo njoo na hotipoti na ndoo zenye vifuniko. Na kigawanywe kikiwa bado moto, kisingoje hotuba ziishe.

Mpendwa, wageni watasahau rangi ya hema. Watasahau hata mahubiri yangu! Lakini aliyerudi nyumbani na njaa kutoka kwenye sherehe ya watu wa Mungu hasahau, na pengine harudi tena. Simama mwisho wa foleni siku hiyo. Kula baada ya wote. Hapo ndipo utajua kama mpango wako ulikuwa wa upendo.

Tuombe: Bwana, wape hekima wote wanaopanga chakula msimu huu. Wabariki wanaokaa kwenye moshi ili wengine wale. Asirukwe hata mmoja. Katika jina la Yesu, AMINA.

Kama uko kwenye kamati ya chakula, andika AMINA, kisha mtumie mwenzako wa jikoni ujumbe huu. Mbarikiwe sana.