Kutoka Minyaa hadi Bikoni

Baba alipojenga Kimara, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, ruhusa ya kujenga ilitoka kwa mashahidi. Mzee aliyemuuzia kiwanja alitembea naye kando ya minyaa, akamwonyesha mkorosho wa kona, kisha wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kuandikishana kwenye karatasi ya daftari. Majirani walitia sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Kibali cha Jiji hakuna aliyekiulizia. Fundi alipigilia vigingi, akavuta kamba, na hiyo kamba ndiyo ilikuwa ramani ya nyumba yetu.

Siudharau utaratibu ule. Mpaka uliojulikana na majirani wote ulikuwa mgumu kusogeza. Kilichokosekana ni mtu wa kuitetea njia. Kila mmoja alijenga hadi kwenye minyaa yake, na watu wakapita palipobaki. Jirani yetu aliposhikwa na uchungu wa kujifungua, alibebwa kwenye kiti hadi Barabara ya Morogoro, kwa sababu gari halikuwa na pa kuingilia. Choo kilipojaa, gari la maji taka nalo liliishia mbali.

Mwaka 2002 jijini ulianza Mradi wa Viwanja 20,000, na Bunju, Tuangoma, Kibada na Buyuni zikapimwa. Nilipomtembelea rafiki yangu Kibada nilikuta barabara pana zimechongwa porini, nyumba bado za kuhesabu. Niliona wivu, nakiri. Sisi tulipata leseni za makazi, karatasi ya miaka michache ambayo wengine waliweza kuipeleka benki, lakini haikuongeza hata hatua moja ya njia.

Baba aliponikatia sehemu nijenge, nilikwenda kuomba kibali. Nikaelezwa kwamba kibali kinataka hati, hati inataka upimaji, na upimaji unataka mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Mtaa wetu haukuwa na mchoro. Nilisubiri miaka, hadi urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, ulipotufikia.

Kikao kile cha mtaa nakikumbuka kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Mchoro ulibandikwa ukutani, na mistari ya barabara ilipita juu ya vibaraza, mabafu na majiko yetu. Mzee mmoja akasimama.

"Nikitoa hizo mita mbili, nani atanilipa?"

"Hakuna fidia, mzee wangu," mpimaji akamjibu. "Ila msipotoa, sina pa kupitisha barabara."

Watu wakaguna. Wengine walianza kuondoka. Ndipo yule mama aliyewahi kubebwa kwenye kiti akasema banda lake la kuku livunjwe kwanza, kesho yake asubuhi. Baada yake ilikuwa aibu kukataa. Uzio wa minyaa uling'olewa, mawe ya mipaka, yaani bikoni, yakazikwa ardhini, na kila kiwanja kikapata namba. Kwangu mimi kikao kile ndicho kilichotoa kibali. Muhuri wa manispaa ulikuja kukithibitisha.

Manispaa yenyewe ilitaka michoro ya msanifu, michoro ya mhandisi, nakala ya hati na risiti ya kodi ya ardhi. Faili lilipita kwa watu wa mipango miji, ardhi, afya na uhandisi. Majirani wengi waliona michoro ya mhandisi ni gharama ya bure. Mimi sikuweza kuona hivyo, kwa sababu tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi iliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10, nayo ilikuwa imefika 16. Jicho la fundi lilitosha nyumba ya baba, lakini halitoshi ghorofa.

Siku hizi maombi ya kibali hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na malipo hufanywa kwa simu. Mpwa wangu ameomba kibali bila kubeba faili kwapani, na nafurahi kwa niaba yake, maana faili langu lilikuwa na tabia ya kulala mezani. Lakini nondo bado zinahitaji mtu wa kuja kuziangalia. Nimemsihi asimwage zege la msingi kabla mkaguzi hajafika, hata fundi akidai posho ya siku nzima ya kukaa bure. Mkaguzi akichelewa, amfuate ofisini.