Majua Matatu

Nilichora majua matatu juu ya bakuli la uji. Moja linachomoza, la pili liko utosini, la tatu linazama. Nilimaanisha mtoto apewe uji mara tatu kwa siku. Shangazi aliichukua ile kadi, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasema, "Uji wa siku tatu. Si utakuwa umeshachacha huo?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshachora seti nne.

Hapa ni Majimoto, mkoani Katavi, mwezi wa pili, wakati mpunga bado uko shambani na maghala ya wengi yamebaki na vumbi. Kwa asiyepajua: unatoka Mpanda, unapita Sitalike kwenye viboko, unakata Hifadhi ya Katavi, unaingia bonde la Rukwa. Kuna kanisa lenye stoo ndogo ya chakula kwa kaya zilizoishiwa. Wanatoa unga, maharage, mafuta. Mwaka ule walipata na magunia ya soya, na soya ndiyo iliyoleta kazi, kwa sababu watu waliipokea, wakashukuru, wakaenda kuipika kama maharage. Haikuiva. Wakaiweka kando ikaliwa na wadudu. Shangazi akawaambia kina mama wa stoo kwamba ana mtoto wa kaka yake anayeandika vitabu (sijaandika kitabu hata kimoja), basi atawaandikia.

Niliandika kweli. Ukurasa mzima, Kiswahili safi, "chambua", "chemsha", "menya". Shangazi aliukunja akauweka chini ya mkeka. Nimekula mikononi mwa mwanamke huyu tangu nina miaka sita, na siku ile ndiyo nilielewa kwamba hasomi. Alikuwa akinipa barua nimsomee, eti macho yanauma. Miaka yote nilisikitikia macho.

Alipoona nimejua, hakuona haya hata kidogo. Alinisimulia kampeni za redio, ile ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, walivyokaa chini ya mwembe kumsikiliza mtangazaji huku kijana mmoja akiwasomea kijitabu. "Kitabu kilikuwa cha yule kijana," akasema. "Alipohama, tulibaki na mwembe."

Ndiyo nikaanza kuchora.

Nieleze kosa kubwa, maana la majua lilikuwa dogo. Soya haitaki haraka. Unaichambua, unaichemsha karibu nusu saa, unaimenya maganda, unaianika, ndipo unaisaga pamoja na mahindi. Kuchemsha ndiyo roho ya kazi yote: soya mbichi ina vitu vinavyolizuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaoviharibu. Nilichora picha sita. Katika ya pili nikachora sufuria juu ya jiko la gesi, kama lile la kwangu Dar es Salaam, na vile vimoto vidogo nikavitia rangi ya bluu.

Mama Mapacha alipeleka kadi nyumbani. Akaiona sufuria juu ya meza, na chini ya sufuria maji ya bluu yanamwagika. Akaelewa kwamba anaambiwa aioshe. Akaiosha vizuri sana, akaianika, akaisaga, akakoroga uji wa haraka haraka.

Siku ya tatu Shangazi alinipigia simu. "Njoo uone." Kulwa, yule mkubwa, alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Walishampeleka zahanati, wakapewa ORS na zinki. Mhudumu alisema inaweza kuwa soya, inaweza kuwa maji ya kisima. Mama yake hakunilaumu. Alinionyesha kadi yangu, safi, kaihifadhi ndani ya nailoni, akauliza kwa heshima kabisa, "Dada, niliruka wapi?"

Swali lile sijawahi kuulizwa na mhariri yeyote.

Halafu akatoa kadi ya kliniki. Mnaijua: kijani, kijivu, nyekundu, na mstari wa uzito unaopanda. Mwanamke ambaye mimi na Shangazi tulikuwa tunamwita "hajui kusoma" alinipitisha nukta kwa nukta. Hapa walikuwa kijani. Hapa malaria. Hapa baba yao aliuza mpunga wote, Kulwa akaingia kijivu. Jirani zetu Rukwa, tuliokuwa nao mkoa mmoja mpaka mwaka 2012, utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni kama 30 katika kila 100. Na mkoa ule unalisha wengine mahindi! Niliwahi kuzisoma takwimu hizo nikapita. Kwa kidole cha Mama Mapacha sikuweza kupita.

Tulichora upya, safari hii mimi nikiwa mkono tu. Shangazi alikaa kwenye kigoda akiamuru. Mafiga matatu, kuni, moto mwekundu, moshi. "Moshi uwe mwingi, waone unawaka." Nikauliza nusu saa tuichoreje, saa ya ukutani? Akaniangalia kama mtu aliyesomeshwa bure. Alitaka vidole viwili vikisugua punje, ganda likivuka lenyewe. Hapo imeiva. Majua yakafutwa. Tukaweka ua mmoja uleule mara tatu: kuku wanatoka bandani, kivuli cha mti kimejikusanya shinani, mbuzi wanarudi. Mbuzi wangu walifanana na mbwa, tukawaongezea pembe.

Niliomba niweke na maneno chini. Yaani kiburi hakifi upesi.

"Weka," Shangazi akasema, "watoto watasoma. Ila usiyaweke kati ya sufuria na moto."

Mwezi wa nne nilirudi. Kulwa alikuwa amepanda, ila bado kijivu. Mdogo wake, Doto, kijani. Kadi ya soya ilikuwa imetolewa kwenye nailoni, imebandikwa ukutani kwa ugali, na picha ya tatu ilikuwa na doa kubwa la mafuta. Nilikuwa na nakala mpya kwenye mkoba, nikataka kumbadilishia. Mama Mapacha akakataa. Eti lile doa ndilo linalomwonyesha mahali pa kuanza kumenya.