Kigari cha Fundi Seremala

Kijana wa marehemu fundi alikuja kwangu Tangini asubuhi moja, akaniamkia, akaketi kwenye benchi ambalo baba yake mwenyewe aliliranda. Alitaka nimwandikie tangazo. Anauza kigari cha mzee.

"Mwalimu, wewe ndiye unayejua kuyapanga maneno," alisema. "Andika kimetunzwa vizuri, hakijapata ajali, hakina kesi."

Nilichukua kalamu. Ya kwanza mawili niliyaandika bila taabu. Hilo la kesi lilinishinda, nikamwambia aniachie karatasi, arudi jioni.

Msomaji wangu, kwanza nikueleze kigari chenyewe. Kina magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, kibanda cha dereva kisichotosha watu wawili wanene, na mgongoni sanduku la bati la kupakia mizigo. Kinaongozwa kwa mpini kama wa pikipiki, na gea hubadilishwa kwa kuuzungusha mkono wa kushoto. Injini ni ndogo na hainywi petroli tupu. Lazima ichanganywe na oili, ndiyo sababu kilipopita kiliacha moshi wa buluu na mlio uliowaamsha watoto waliolala mchana. Ubavuni pameandikwa Ape. Wanafunzi wangu wa darasa la saba, ambao Kiingereza kilikuwa kimewapanda kichwani, walisema maana yake ni nyani, nami mwalimu wao mkuu nikawaunga mkono. Fundi ndiye aliyetusahihisha sote. Ni Kitaliano, alisema, maana yake nyuki. Aliambiwa hivyo na Mtaliano aliyemwuzia, mmoja wa waliokuja kufanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kule Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966.

Nyuki huyo ana ukoo wake. Kampuni ya Piaggio ya mjini Pontedera ilikuwa ikiunda ndege, hata Vita Kuu ya Pili ikakiacha kiwanda chake magofu. Mwaka 1946 ikatoa pikipiki ya Vespa, yaani nyigu, kazi ya mhandisi Corradino D'Ascanio ambaye kabla ya hapo alikuwa akihangaika na helikopta. Mwaka 1948 nyigu akaongezewa gurudumu na sanduku la mizigo, akawa nyuki, kwa ajili ya wauza mboga na mafundi wasio na uwezo wa kununua lori. Karibu na mwaka 1960 kampuni ya Bajaj ya India ikapata leseni ya Piaggio, na mengine unayaona mwenyewe ukishuka kituoni Maili Moja: foleni nzima ya wajukuu. Nilipowaeleza hivyo vijana wa bajaji walicheka, kisha mmoja akaenda kukipiga picha. Italia yenyewe iliacha kuwatengeneza nyuki hao mwaka 2024. Wanaendelea kuundwa India.

Fundi alikitunza kama yai. Hewa yetu ya Pwani inakula bati, lakini yeye alikipangusa kila jioni na kukifunika turubai, na hakuruhusu kuku alale ndani yake. Waya wa klachi ulipokatika, na vipuri havipatikani, alitafuta waya wa breki ya baiskeli akaufanyia ufundi, ukakubali. Vitanda vya mninga vya nusu ya mtaa huu vilifika majumbani humo.

Sasa nifike kwenye neno lililonishinda.

Ilikuwa mwaka 1983. Wanaokumbuka watakumbuka: sabuni ya foleni, sukari ya kibali, mafuta ya kuhesabu kwa lita. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kuokoa petroli. Na mwaka huohuo ndio ilianza ile operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, hata watu wengine wakawa wanatupa vitu vyao usiku wasikutwe navyo.

Jumapili moja, kama saa kumi, mke wangu alishikwa na uchungu. Tangini wakati huo ilikuwa mikorosho na mihogo, na njia ya kwenda Tumbi ilikuwa mchanga mtupu. Nikakimbilia kwa fundi. Alikuwa tayari, ila tangi lilikuwa kavu. Nami nilikuwa na ufunguo wa stoo ya shule, na ndani ya stoo mlikuwa na dumu la petroli ya pampu ya shamba la Elimu ya Kujitegemea. Nikatoa lita nne.

Tulimlaza mke wangu kwenye godoro ndani ya sanduku, mimi nimepiga magoti kando yake, fundi akaendesha kama aliyebeba vioo. Tulifika. Binti yetu alizaliwa saa tatu usiku. Mwaka 2010 ulipotangazwa mpango wa bajaji za kubebea wajawazito vijijini watu wengi waliukejeli. Mimi sikucheka.

Fundi alikamatwa akirudi peke yake. Aliulizwa kibali, hakuwa nacho. Aliulizwa petroli ameipata wapi, akajibu ni yake, aliiweka akiba. Lililohitajika lilikuwa jambo moja tu: mtu aende kituoni aseme kwamba kigari kilibeba mgonjwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mke wangu alinihimiza kutoka kitandani, na mtoto kifuani. Niliahidi kwenda Jumatatu. Jumatatu nikajiambia nitakwenda Jumanne. Niliogopa swali la pili, la petroli, maana mwalimu mkuu wa miaka 33 aliyechota mafuta ya shule katika mwaka ule angeitwa jina ambalo lisingefutika. Dumu nililijaza tena baadaye kwa siri. Kituoni sikwenda.

Walimtoza faini, na kigari kikakaa kituoni karibu mwezi mzima, wateja wake wakahamia kwa mafundi wengine. Alipokipata alipita mbele ya shule akapiga honi kama kawaida. Kila alipomwona binti yangu alimwita Jumapili. Mwaka uliofuata nikaagiza benchi hili, nikitumaini kumlipa maradufu bila kusema kitu. Alilileta mwenyewe kwa kigari, akakataa fedha, akasema ni la Jumapili.

Jioni kijana akarudi. Mnunuzi ni wa Dar es Salaam, anataka kukifanya kibanda cha kuuzia kahawa, na ameahidi shilingi milioni 9. Nikampa karatasi. Baada ya neno ajali nilikuwa nimeandika: "Mwaka 1983 kilikamatwa Jumapili usiku kikitoka kumpeleka mjamzito Tumbi, kwa petroli iliyotolewa na mwalimu mkuu, ambaye hakwenda kumtetea mwenye gari."

Alisoma mara mbili. Nilidhani ataniambia niifute, kwa sababu ya mnunuzi.

"Baba hakuwahi kutuambia," alisema. Kisha, "Faini ilikuwa shilingi ngapi, Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba sikuwahi kumwuliza.