Glib mbili ndani ya laptop moja

Samahani kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Leo nimeamka saa nane mchana hapa Herndon, nimechemsha chai ya tangawizi, na nina stori ya kompyuta. Msiopenda kompyuta msikimbie, mwisho wake ni wa nyumbani.

Baba yangu, yuko Muheza, aliandika ukoo wetu kwenye kompyuta ya Windows 98, jinsi bibi alivyomsimulia kabla hajafariki mwaka 2003. Kompyuta ilikufa, ila mdogo wangu aliwahi kunakili diski nzima akanitumia. Programu ile haifunguki kwenye mashine zetu za leo. Kila Jumapili baba huuliza kwenye simu: "Mwanangu, umeifungua?" Ana miaka 79.

Dawa yake ni QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Inaifanya kompyuta moja ibebe nyingine tumboni. Hapo jirani, Ashburn, kuna majengo makubwa ya kompyuta za intaneti yanayoishi kwa ujanja wa namna hiyo. Mimi nilitaka mashine moja tu, ya kizee.

Nikaijenga QEMU mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Ikajengeka vizuri. Kuiwasha, ikagoma: undefined symbol: g_string_free_and_steal. Usiku wa kwanza, wa pili, hali ile ile.

Kumbe kosa langu. QEMU hutegemea maktaba ya programu iitwayo glib. Debian 12 yangu ilikuja na glib 2.74. Zamani kidogo nilikuwa nimeweka nyingine mpya kwenye /usr/local kwa kazi nyingine, nikaisahau. Wakati wa kujenga, pkg-config iliiona mpya kwanza. Wakati wa kuwaka, mfumo ukapakia ya zamani, ambayo haina kitu hicho, kwani kililetwa na toleo la 2.76.

Manesi tunalijua hili. Mwaka 2007 mapacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid walipewa heparini yenye nguvu mara 1,000 ya ile iliyotakiwa. Jina la dawa lilikuwa lile lile. Namshukuru Mungu walipona. Ndiyo maana hatusomi jina tu, tunasoma na kipimo.

Basi nikafanya kama kazini. Amri ya pkg-config --modversion glib-2.0 ikanionyesha toleo linalotumika kujengea. Amri ya ldd ikanionyesha linalopakiwa. Hayakulingana. Nikaiondoa ile ya /usr/local, nikafuta folda yote ya ujenzi, maana humo majibu ya zamani hubaki, nikaanza upya. Ile 2.74 ilitosha kabisa. Siku nyingine nikihitaji toleo jipya, nitaliweka kwenye folda yake peke yake, mbali na njia ya wengine.

Jumapili alfajiri Windows 98 ikawaka. Nikampigia baba, nikamsomea majina, kizazi baada ya kizazi. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hapo kwa shangazi yako nilikosea. Rekebisha."

Nimerekebisha. Na nimenakili yote kwenye daftari, kwa kalamu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.