Soko la Mifugo la Garissa: Kufungwa na Kufufuka Kwake

Mtu aondokaye Bura, ile iliyo upande wa Garissa, akaufuata Mto Tana kwenda juu, husafiri katika nchi tambarare yenye migunga na vumbi jingi. Mkono wake wa kushoto, mstari wa miti mibichi humwonyesha mto ulipo. Hapa na pale hukuta malka, yaani njia iliyoachwa wazi ili mifugo ishuke mtoni kunywa. Mfugaji wa Bura anayetaka bei ya mji huelekea huko huko, hata afike katika soko la mifugo la Garissa.

Mgeni atafutaye jumba la fahari hataliona. Huko London, soko la ng'ombe hai la Smithfield lilifungwa mwaka 1855, na mwaka 1868 likafunguliwa mahali pake jumba kubwa la kuuzia nyama. Soko la Garissa ni uwanja tu, na dari lake ni mbingu. Lakini ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Humo huletwa ng'ombe, ngamia, mbuzi, na kondoo weupe wenye vichwa vyeusi.

Nguzo ya soko hili ni dalali. Muuzaji huja na mnyama, na mnunuzi huenda ametoka mbali, wala hawajuani. Dalali humjua muuzaji, ukoo wake na kwao, naye huwa shahidi kwamba mnyama si wa wizi. Akidhamini uongo, jina lake huharibika, na mwenye jina baya hana kazi tena.

Biashara hii haikuwa huru siku zote. Chini ya sheria ya mwaka 1902, Serikali ya kikoloni iliweza kuzifunga wilaya za pembezoni, hata watu wasiingie wala kutoka pasipo kibali. Mifugo nayo iliwekewa karantini, kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe, na kwa kuyalinda mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwaka 1963 haikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Mwaka huo huo serikali ya Somalia ilianguka. Wafugaji wa bonde la Juba, waliozoea kuuza kwao, wakazidi kuelekeza ng'ombe Garissa, na kutoka hapo malori yakawapeleka Nairobi na Mombasa. Hivyo msiba wa jirani ulilikuza soko.

Ndipo likaja pigo. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilifurika, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa, kama ilivyozuka mwaka 1997. Kondoo na mbuzi waliharibu mimba, na wana wao wakafa kwa wingi. Watu waliogusa damu na nyama ya wanyama wagonjwa waliambukizwa, na katika Kenya yote walikufa zaidi ya 150. Soko likafungwa na uchinjaji ukakatazwa. Mfugaji aliyekuwa na mali malishoni hakuwa na fedha ya unga wala karo. Dalali, mchinjaji, mwenye lori na mpakiaji wote walikaa bure kwa miezi.

Soko lilifufuka mwaka 2007, baada ya mifugo kuchanjwa na ugonjwa kutulia. Makundi yalirudi, na madalali wakasimama tena mahali pao. Jumba likibomoka, mafundi hulijenga upya. Soko la namna hii hujengwa upya kwa sindano ya daktari wa mifugo na kwa neno la mtu mwaminifu.

Kwa hiyo mfugaji wa Bura aonaye kondoo wake wakiharibu mimba baada ya mvua kubwa asifiche habari kwa kuogopa karantini. Akinyamaza, ugonjwa utafika sokoni kabla yake, naye atafunga njia yake mwenyewe na ya jirani zake. Sotoka, iliyotisha vizazi vingi, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani. Ilikwisha kwa chanjo, na kwa wafugaji waliotoa habari mapema. Kinga ni bora kuliko tiba.