Safari ya Usukumani, Nchi ya Almasi na Dhahabu



Vijana wengi siku hizi hutamani kuizuru Ghana, nchi iliyoitwa Pwani ya Dhahabu mpaka ilipopata uhuru wake mwaka 1957. Husikia khabari za ngoma zake, nguo zake za kente na vyakula vyake, wakadhani kwamba mambo ya kutazamwa yako mbali na kwao. Hatuwazuii, kwani kusafiri ni elimu. Lakini twapenda kuwakumbusha kwamba kampuni yenye mgodi mkubwa wa Geita, AngloGold Ashanti, imebeba katika jina lake jina la Waashanti wa Ghana hiyo hiyo. Dhahabu ya huko na ya kwetu zimekwisha kuwa ndugu. Basi na tutazame kwanza yaliyo karibu.

Tuanze Shinyanga. Kaskazini mashariki ya mji pana Mwadui, ambako mwaka 1940 Dkt. John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, alivumbua almasi. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Likachongwa, likatiwa katika pini ya kifuani, naye akalivaa alipokuwa malkia. Mgeni afikaye Mwadui huona uwanda na shimo kubwa. Jiwe lenyewe halioni. Ndiyo tabia ya mali ya chini ya ardhi: hung'ara mbali na mahali ilipotoka.

Mali ya juu ya ardhi ina khabari nyingine. Miti ya Shinyanga ilikatwa sana zamani, kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ikakhofiwa kwamba nchi itageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Wenye kazi hiyo waliifufua desturi ya wazee iitwayo ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua, yakafunguliwa kiangazi nyasi zikiwa haba. Mwenye kuingiza ng'ombe humo kabla ya wakati hutozwa faini na baraza la wanakijiji, dagashida. Zilikuwa zimebakia ngitili za hekta mia chache tu; katika muda usiotimia miaka 20 zikapita hekta 300,000. Mpita njia na aulize ngitili iko wapi, akae kivulini mwake, asikilize ndege waliorudi.

Ukienda Mwanza, pita Bujora, karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi na vyombo vya kale. Mwezi wa Juni, mavuno yakiisha, hapo huwa na sikukuu ya Bulabo, na makundi mawili yashindanayo tangu zamani, Bagalu na Bagika, hucheza mbele ya watu. Mwenye kuvuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Dawa na uganga unaotumiwa kuwavuta watu hatuusifu kamwe. Lakini bugobogobo, mchezo wa majembe yanayorushwa na kudakwa kwa pamoja, hufundisha kwamba kazi ya shamba ni fakhari.

Na chakula je? Ukisema "mwangaluka" asubuhi kwa heshima, hutakosa kukaribishwa. Utapewa ugali wa mtama au wa udaga, maziwa ya mgando, na sato wa Ziwa. Onja pia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Hiyo ndiyo akiba ya mama wa Kisukuma kwa miezi ya njaa. Ukishiba, sema "wabeja", yaani ahsante.

Kutoka Mwanza kwenda Geita watu walikuwa wakingoja kivuko. Tangu Juni 2025 huvuka kwa daraja la Kigongo na Busisi, refu yapata kilomita 3, na mandhari ya Ziwa kutoka hapo ni ya kumshukuru Muumba. Huko Geita, mbali na mgodi mkubwa, wako wachimbaji wadogo na mashimo yao, maduara. Mwamba husagwa kwa karasha, ukaoshwa mialoni, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki na zebaki ikachomwa. Moshi wake hauna rangi ya kutisha, lakini ni sumu ya ubongo na figo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Utawaona mama wakiishika kwa mikono mitupu, watoto wakiwa kando yao. Msafiri asilipite jambo hili kama mandhari ya kupigiwa picha.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu safari hii. Na kijana anayetaka kuacha masomo aende duarani, kwanza muonyesheni ngitili, kisha mumpeleke mwaloni, halafu mumuulize: katika mali hizi mbili, ni ipi ambayo wajukuu wako wataikuta?