Hoteli Nzuri Si Mapazia

Jamani, siku hizi mtu akipata wikiendi ndefu, safari ni Moshi. Sawa, lakini utalala wapi?

Mimi na mchumba wangu tulijichanga miezi minne kwa ajili ya siku mbili tu. Yeye alitaka Shantytown, kwenye miti mikubwa na utulivu. Mimi nilitaka Marangu, kilometa kama 40 kutoka mjini, kwenye ubaridi wa migombani. Tukaanza kuzunguka. Hoteli moja ilikuwa na mapazia ya nguvu na vinyago mlangoni. Dada wa mapokezi akatutazama, akauliza kama tumekuja kuomba kazi! Tulipomwambia tunataka chumba, akataja bei kwa dola. Roho iliniuma. Shilingi yetu ni pesa halali, na mlima ule ni wetu.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, usione haya. Ulizia bei ya wenyeji. Omba kuona chumba kabla hujatoa hata senti. Fungua bomba la maji ya moto, maana huko juu baridi ya Juni na Julai si mchezo. Halafu fungua dirisha: unaona Kibo, au ukuta wa jirani? Tena amka alfajiri. Jua likipanda, mita zote 5,895 hujificha mawinguni.

Sisi tuliangukia kihoteli kidogo Marangu. Hakina vinyago, lakini mama mwenyewe alitupokea kwa kahawa ya moto: "Karibuni, wanangu." Mchumba wangu hakuitaja tena Shantytown.